Minyoo Inywayo Damu: Adui wa Kondoo na Mbuzi Wakati wa Mvua

Mvua ndefu za miezi ya Machi hadi Mei huleta furaha katika kila nyumba ya mfugaji. Majani huota, mito hujaa, na kondoo waliokonda wakati wa kiangazi huanza kurudisha nyama mwilini. Lakini wafugaji wengi wameona jambo la kushangaza. Wiki chache baada ya mvua kuanza, wakati majani ni mengi kuliko wakati wowote mwingine wa mwaka, kondoo mmoja huanza kubaki nyuma ya kundi. Hutembea polepole, husimama, hulala. Chini ya taya lake hutokea uvimbe mlaini kama kifuko cha maji; jioni huwa mkubwa, na asubuhi huwa umepungua. Haharishi, wala hakohoi. Siku si nyingi baadaye hufa, naye ana majani tele tumboni.

Hapo maneno huwa mengi. Mmoja husema kondoo ameumwa na nyoka, mwingine husema amekula mmea wenye sumu, na wengine hutaja jicho baya la jirani. Lakini mwenye kondoo huyo akimpasua, ataona nyama iliyopauka na damu nyepesi kama maji yaliyooshewa nyama. Na akilipasua tumbo la nne, lile lililo karibu na utumbo, akamwagia maji polepole, basi mwuaji ataonekana waziwazi bila ya hadubini. Ataona minyoo myembamba kama uzi, yenye urefu wa sentimita mbili au tatu, ikijinyonganyonga kwa mamia, pengine kwa maelfu.

Ukiuweka mnyoo jike mmoja juu ya kiganja na kuutazama vizuri, utaona kwamba una rangi mbili zilizosokotana kama kamba: nyekundu na nyeupe. Ile nyekundu ni utumbo wake uliojaa damu ya kondoo, na ile nyeupe ni mifuko ya mayai iliyouzunguka utumbo huo. Kwa sababu ya msokoto huo wataalamu waliuita Haemonchus contortus, na hilo neno la pili kwa Kilatini lina maana ya kitu kilichosokotwa. Mtaalamu aliyeueleza kwanza katika vitabu vya sayansi ni Rudolphi, mwaka 1803.

Minyoo ya mviringo iliyo katika miili ya wanyama ni ya aina nyingi sana, na yafaa msomaji ajue kwamba huyu tunayemzungumzia si peke yake. Iko ile ikaayo katika mapafu na kuleta kikohozi. Iko minyoo mikubwa ya nguruwe. Iko ile ya ndama, ambayo humfikia mtoto kwa njia ya maziwa ya mama yake, hata ndama wa wiki chache akawa na tumbo kubwa na kinyesi kinachonuka. Kila moja ingestahili makala yake. Lakini katika nchi zenye joto na mvua kama zetu, hakuna mnyoo unaoua kondoo na mbuzi wengi kama huu wa tumbo la nne, na hakuna mwingine uliofaulu kuzishinda dawa zetu kwa haraka kama huu. Jambo hilo la pili ndilo lililotufanya tuandike.

HESABU YA DAMU

Karani yeyote anaweza kuifanya hesabu hii. Mnyoo mmoja mzima humpotezea kondoo karibu mililita 0.05 za damu kwa siku, yaani kama tone moja. Tone moja ni kitu gani? Lakini kondoo mwenye minyoo 2,000 hupoteza mililita 100 kila siku. Kondoo wa kilo 30 ana damu yapata lita mbili tu katika mwili wake wote. Basi kila siku hupotewa na sehemu moja katika ishirini ya damu yake, na siku ya pili vivyo hivyo, na ya tatu. Mwili hujitahidi kutengeneza damu nyingine, nao huweza kwa muda, kama chakula ni kizuri; lakini mwisho hushindwa. Maji ya damu huvuja na kukusanyika mahali palipo chini, na kwa kuwa kondoo huinamisha kichwa siku nzima akila, mahali hapo ni chini ya taya. Huo ndio uvimbe tulioutaja.

Hesabu ya pili ni ya mayai. Mnyoo jike mmoja hutaga mayai 5,000 au zaidi kila siku. Kondoo mwenye minyoo majike 500 humwaga malishoni, pamoja na mavi yake, mayai 2,500,000 katika siku moja. Sasa hesabu kondoo watano, na siku thelathini. Hapo ndipo utakapofahamu kwa nini kiwanja kidogo cha majani mabichi huweza kuwa mtego.

SAFARI YA YAI

Yai likianguka chini pamoja na mavi, huhitaji vitu viwili: joto na unyevu. Likivipata, huanguliwa kwa siku moja au mbili, na buu hutoka. Buu hilo hula vijidudu vidogo vilivyo katika mavi, hujivua ngozi mara mbili, na baada ya siku tano hadi saba katika hali njema huwa tayari kuingia katika mwili wa mnyama. Lakini ile ngozi ya pili haliitupi. Hubaki nayo kama kisu ndani ya ala, na ala hiyo hulilinda na ukavu. Kwa sababu limefunikwa hivyo haliwezi kula tena. Huishi kwa akiba iliyomo mwilini mwake, na akiba ikiisha hufa.

Mabuu hayo hayana miguu wala hayawezi kutambaa juu ya jani kavu. Huogelea. Umande wa asubuhi au mvua ikilowesha majani, hupanda ndani ya utando ule mwembamba wa maji na kungoja. Mengi hubaki karibu na ardhi, katika sehemu ya chini ya jani. Kwa hiyo kondoo anayekata majani mafupi mpaka shinani hula mabuu mengi kuliko yule anayekula majani marefu, na mbuzi aliyesimama kwa miguu miwili akichuma majani ya mgunga hula machache kabisa. Yakiisha kumezwa, huvua ile ala, hujipenyeza katika ngozi ya ndani ya tumbo la nne, hukua, na baada ya wiki tatu hivi huwa minyoo mizima inayotaga.

Na kiangazi je? Mtu angedhani jua kali litaimaliza minyoo yote. Ni kweli kwamba jua huua mabuu mengi malishoni. Lakini mnyoo huu una hila. Mabuu yaliyomezwa mwisho wa mvua huweza kulala katika ngozi ya tumbo bila kukua, miezi na miezi, mpaka mvua irudi. Katika sehemu kavu za Kenya wachunguzi waliligundua jambo hilo na kuliandika mwaka 1998. Mvua zinapokaribia mabuu huamka, hukua kwa pamoja, na kuanza kutaga wakati uleule ambapo malisho yanafaa kwa watoto wao. Ndiyo sababu ugonjwa hutokea kwa ghafula mno mvua zinaponyesha, na mwenye mifugo hushangaa umetoka wapi.

Wakati mwingine wa hatari ni wakati wa kuzaa. Kondoo jike anapokaribia kuzaa na anaponyonyesha, nguvu za mwili wake za kuizuia minyoo hupungua, na mayai katika mavi yake huongezeka sana. Kwa hiyo mama mwenyewe ndiye anayepanda minyoo katika majani ambayo mtoto wake ataanza kuyaonja.

WANYAMA WA PORINI

Msomaji mmoja aweza kuuliza: mbona swala hawanyweshwi dawa na mtu yeyote, nao wangali hai? Swali hilo ni zuri kuliko linavyoonekana.

Kwanza tusidhani kwamba hawana minyoo. Swala granti, swala tomi, swala pala na wengineo wana minyoo ya mviringo matumboni mwao, na baadhi yake ni ya aina hii hii ya kondoo na mbuzi wetu. Palipo na mifugo na swala katika machunga yale yale, kama Laikipia, Narok na Kajiado, minyoo huweza kupita kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Wako wafugaji wanaomlaumu swala kwa jambo hilo. Kwa maoni yetu lawama hiyo si ya haki, kwani kondoo mia wanaolala na kulisha mahali pamoja humwaga mayai mengi kuliko swala wachache wanaopita.

Tofauti iko katika maisha yao. Swala akiwa huru hula hapa leo na kesho yuko mbali; mavi yake hutawanyika katika nchi kubwa, na jua huyakausha kabla hajarudi. Mwaka 2004 mtaalamu Vanessa Ezenwa alitoa habari za uchunguzi alioufanya nchini Kenya juu ya digidigi, swala granti na swala pala. Aligundua kwamba penye chungu za mavi, mahali ambapo wanyama huja tena na tena kunya, mabuu katika majani ni mengi kuliko mahali pengine. Kisha akawajaribu digidigi wa porini kwa chakula, akaona kwamba waliepuka kula karibu na mavi mengi. Mnyama mdogo kama yule, ambaye hajasoma kitabu chochote, anajua mahali pa hatari.

Lakini porini nako kuna wanaoteseka. Dume la swala granti akijipatia eneo lake hukaa hapo kulilinda, asiwaache madume wengine wakaribie majike. Madume wa namna hiyo wameonekana kuwa na minyoo mingi kuliko wale wasio na eneo. Kondoo aliyefungiwa katika kiwanja kimoja mwaka mzima yuko katika hali inayofanana na ya dume huyo, ila yeye hakuichagua. Sisi ndio tuliojenga ua. Na kadiri mashamba yanavyogawanywa, na njia za kuhamia zinavyozibwa, ndivyo tunavyozidi kumnyima kondoo ile dawa ya kale ya kuhama.

DAWA ZILIZOCHOKA

Hapo zamani kondoo walinyweshwa mrututu uliochanganywa na maji, nayo ilikuwa dawa kali, rahisi kumdhuru mnyama. Mwaka 1961 ilitokea dawa mpya, thiabendazole, iliyoua minyoo mingi bila kumdhuru kondoo. Watu walifurahi mno. Lakini mwaka 1964, miaka mitatu tu baadaye, huko Marekani iliandikwa habari ya minyoo ya aina hii ambayo haikufa kwa dawa hiyo. Zikaja nyingine za ukoo ule ule, kama albendazole, ambayo wafugaji wengi wanaijua kama dawa nyeupe. Ikaja levamisole. Halafu mwaka 1981 ikaanza kuuzwa ivermectin kwa ajili ya mifugo. Dawa hii asili yake ni kijidudu kilichopatikana katika udongo wa Japani na mtaalamu Satoshi Ōmura. Yeye na William Campbell walipewa Tuzo la Nobel mwaka 2015, kwa kuwa dawa hiyo iliwaokoa watu wengi pia na upofu uletwao na minyoo midogo.

Kila dawa ilipotoka, ilisemekana kwamba sasa vita vimekwisha. Na kila mara minyoo ilijibu. Kwetu Kenya, mwaka 1995 wachunguzi waliandika kwamba katika kundi moja la kondoo na mbuzi huko Pwani, minyoo ilikuwa imeshinda dawa za zaidi ya ukoo mmoja. Mwaka 2009 huko New Zealand ilianza kuuzwa dawa mpya kabisa iitwayo monepantel. Ilipofika mwaka 2013, shamba moja la mbuzi nchini humo lilikuwa tayari na minyoo isiyoiogopa.

Jambo hili hutokeaje? Si kwamba mnyoo mmoja mmoja huzoea dawa, kama mtu azoeavyo pilipili. Katika minyoo elfu moja, huenda michache imezaliwa na tabia ya kutokufa kwa dawa fulani. Mfugaji akinywesha kundi lote, ile dhaifu hufa yote na ile michache hubaki, nayo hutaga mayai. Watoto wao hurithi tabia ile. Akinywesha tena mwezi ujao, huwachagua tena wale wale. Baada ya miaka michache malisho yote yamejaa kizazi cha minyoo ambayo mfugaji mwenyewe ameichagua na kuikuza, kama mtu achaguavyo mbegu bora ya mahindi.

Na yako mambo matatu ambayo huiharakisha kazi hiyo mbaya. La kwanza ni kunywesha kipimo kidogo ili chupa ifike mbali. Kipimo kidogo huua minyoo dhaifu na kuwaachia wenye nguvu uwanja. La pili ni kununua dawa ya bei rahisi isiyo na nguvu iliyoandikwa juu ya chupa. La tatu, ambalo hutendwa na wafugaji hodari kabisa, ni kunywesha kila mnyama, kila mwezi, hata kama ni mzima. Huyu hujiona mwangalifu kuliko jirani zake; kumbe ndiye atakayeichosha dawa kwanza.

TAZAMA JICHO

Basi mfugaji afanye nini? Wataalamu wa Afrika Kusini, Faffa Malan, Gareth Bath na Jan van Wyk, walitoa jibu katika miaka ya 1990 ambalo halihitaji mashine. Walijua kwamba mnyoo huu humaliza damu, na kwamba damu iliyopungua huonekana katika ngozi ya ndani ya kope la chini. Wakatengeneza kadi yenye picha za jicho kwa rangi tano. Rangi ya kwanza ni nyekundu iliyokoza; ya tano ni nyeupe kama kikombe cha kauri. Kadi hiyo iliitwa FAMACHA, jina lililotokana na jina la Malan mwenyewe.

Kazi yake ni hivi. Mshike mnyama mahali penye mwanga wa jua, usikae kivulini. Bonyeza kope la juu kidogo kwa kidole gumba kimoja, na kwa kingine lishushe kope la chini mpaka ngozi ya ndani ijitokeze. Linganisha upesi na kadi, kwani jicho likikaa wazi muda mrefu huzidi kuwa jekundu. Aliye katika rangi ya kwanza au ya pili mwache. Aliye katika ya nne au ya tano mnyweshe siku hiyo hiyo. Wa rangi ya tatu hutegemea: akiwa mzima na mnene aweza kungoja, lakini akiwa mtoto, au mama mwenye mimba au anayenyonyesha, afadhali apewe dawa. Wakati wa mvua utazame kila wiki mbili, na mahali pabaya kila wiki. Wakati wa kiangazi hata mara moja kwa mwezi yatosha.

Faida ya kwanza ni ya mfuko, kwa maana minyoo haijagawanyika sawasawa katika kundi. Kwa kawaida wanyama wachache, kama mmoja katika watano au mmoja katika wanne, ndio wanaobeba sehemu kubwa ya minyoo yote. Kumnywesha yule asiyeumwa ni kutupa fedha.

Faida ya pili ni kubwa zaidi, ingawa ni ngumu kuaminika. Wale wanyama wasionyweshwa hubaki na minyoo michache isiyowahi kuonja dawa. Minyoo hiyo hutaga, na watoto wao huchanganyika malishoni na wale wachache waliosalimika na dawa. Kwa kuwa ni wengi kuliko wao, damu ya ule ukoo mgumu huzimuliwa kama tone la wino katika ndoo ya maji. Kwa hiyo minyoo dhaifu iliyoachwa hai ni akiba ya mfugaji: hiyo ndiyo inayoifanya dawa iendelee kufanya kazi siku atakapoihitaji kweli. Wazee wengi huona neno hili ni upuzi wanapolisikia mara ya kwanza, nao hatuwalaumu, kwani kwa miaka mingi waliambiwa kinyume chake.

Ni lazima tuseme pia kadi hiyo haiwezi nini. Hupima kondoo na mbuzi, si ng'ombe. Nayo huonyesha upungufu wa damu tu. Mnyama anayeharisha kwa minyoo mingine ya utumbo aweza kuwa na jicho jekundu kabisa, na kupe au ndorobo pia huleta weupe wa jicho. Palipo na shaka mwulize daktari wa mifugo.

KUIPIMA DAWA YENYEWE

Mtu anayetaka kujua kama dawa aliyo nayo bado ina nguvu aweza kujua kwa hakika. Hukusanya mavi mabichi ya wanyama kumi hadi kumi na watano, kila mmoja katika kifuko chake, huyapeleka mahali penye maabara ya mifugo, halafu huwanywesha wanyama wale wale kipimo kamili. Baada ya siku kumi hadi kumi na nne hukusanya tena. Maabara huhesabu mayai kwa kioo maalum cha McMaster, kilichobuniwa huko Australia mwaka 1939 na kutumika mpaka leo. Mayai yakiwa hayakupungua kwa asilimia 95 au zaidi, dawa ile imeanza kushindwa katika shamba lile, hata kama kwa jirani bado inaua. Kazi hii ni rahisi zaidi wafugaji wachache wakiungana na kugawana gharama.

Katika kunywesha, mpime mnyama kwa mizani, au kwa utepe wa kifua kama hakuna mizani. Macho hudanganya, na mara nyingi hupunguza uzito. Dawa iwekwe nyuma juu ya ulimi, imezwe yote. Mbuzi ana jambo lake la pekee: mwili wake huiondoa dawa upesi kuliko wa kondoo, na kipimo kilichoandikwa kwa ajili ya kondoo mara nyingi humpungukia. Lakini mtu asiongeze kwa kubuni, hasa levamisole, ambayo ikizidi humdhuru mbuzi. Daktari atasema kiasi.

Mnyama aliyenunuliwa sokoni asiingizwe katika kundi siku hiyo hiyo. Huenda analeta minyoo migumu ya shamba la mtu mwingine. Awekwe peke yake, anyweshwe, mavi yake yapimwe, ndipo aungane na wenzake.

MALISHO

Yule mwenye nafasi ya kugawa malisho yake ana silaha nzuri. Tumesema buu huhitaji siku tano hadi saba kuwa tayari. Kundi likihamishwa baada ya siku tatu au nne, huondoka kabla mabuu yake lenyewe hayajawa tayari. Katika visiwa vya Pasifiki vyenye joto na mvua, viwanja kumi vilijaribiwa hivyo, kila kimoja kikiliwa siku tatu na nusu na kupumzishwa yapata mwezi mmoja, na mbuzi walihitaji dawa mara chache sana. Lakini tuwe waangalifu: joto ndilo linalofanya mabuu yamalize akiba yao upesi. Katika nyanda za juu zenye baridi, kama Nyandarua, mabuu huishi muda mrefu zaidi, na mwezi mmoja hautoshi.

Asiye na viwanja kumi aweza kutumia wanyama wengine. Punda na farasi wana minyoo yao, na kondoo ana yake. Ila aina chache tu, kila mmoja akimeza mabuu ya mwenzake huyaua. Kwa hiyo punda akilishwa mahali walipokula kondoo huyasafisha majani. Ng'ombe wazima nao hufaa, ingawa si kamili kama punda. Anayefuga ndani kwa kukata majani asikate yale mafupi yaliyo karibu na zizi penye mavi. Akate marefu, na akiweza angoje umande ukauke. Na chakula chenye protini, kama majani ya lusina au kaliandra, humsaidia mnyama kutengeneza damu mpya na kuipinga minyoo kwa nguvu zake mwenyewe.

KONDOO MWEKUNDU WA WAMASAI

Tumeacha kwa makusudi jambo moja mpaka sasa. Tangu zamani Wamasai wana kondoo wao mwekundu, mwenye mkia wa mafuta na manyoya mafupi kama ya mbuzi. Si mkubwa. Wakati Dorper alipoletwa kutoka Afrika Kusini, ambako alitengenezwa kwa kuchanganya Dorset Horn na kondoo wa Kiajemi mwenye kichwa cheusi, wengi walipenda ukubwa wake. Tangu katikati ya miaka ya 1970 madume ya Dorper yaligawanywa kwa wafugaji kwa bei ya msaada, wakachanganywa ovyo na kondoo wekundu, hata wale wa asili walio safi wakawa vigumu kupatikana katika sehemu nyingi.

Katika miaka ya 1990 wachunguzi wa mifugo waliwafuga pamoja kondoo hao wa aina mbili huko Diani, katika Kwale, mahali penye joto na mvua ambapo minyoo ni mingi. Waliwaacha walishe katika majani yale yale. Kondoo mwekundu alitoa mayai machache ya minyoo katika mavi yake, damu yake ilikuwa nzito zaidi, na watoto wake waliokufa walikuwa wachache. Walipohesabu faida ya kundi zima, mwekundu alimshinda Dorper mara kadhaa. Lakini katika nyanda kavu za bara, ambako minyoo ni michache, tofauti hiyo haikuonekana, na ukubwa wa Dorper ulimsaidia.

Basi anayefuga katika Pwani, au katika mabonde yenye maji, na kila mwaka huzika kondoo wakati wa mvua, yampasa atafute dume mwekundu aliye safi kabla hajanunua chupa nyingine ya dawa. Anayefuga katika nchi kavu aweza kubaki na Dorper wake, akitazama macho yao mvua zinapoanza. Na mwenye kundi lililochanganyika asikimbilie kuuza wote. Kwa mwaka mmoja aandike katika daftari kila kondoo aliyehitaji dawa na mara ngapi. Wale watakaoandikwa mara nyingi ndio wa kuuzwa au kuchinjwa kwanza, na dume la kundi lisichaguliwe miongoni mwa watoto wao, hata likiwa na umbo zuri namna gani.